Kukereza kasha dogo la lenzi ili lenzi zibaki kwenye mhimili mmoja

Bawa la mbu wa Anopheles lina urefu wa milimita 3 hivi, na mtaalamu wa wadudu anataka kuona kila mshipa wake kwa ukali uleule, kutoka shinani hadi nchani. Kazi hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye bushi za pampu na kuniingiza kwenye makasha ya lenzi, yaani maganda ya chuma yanayoshika lenzi mbele ya kamera, hapa karakanani kwangu Gerezani, Dar es Salaam. Picha ikiwa kali kushoto na ukungu kulia, bawa halipimiki. Watu huanza kwa kulaumu kioo, lakini lenzi za siku hizi, hata za bei ndogo, zimesagwa vizuri kuliko kazi nyingi za chuma zinazozishika.

Nitaeleza ninavyolitengeneza kasha hilo, kwa vipimo vyake. Ukiwa na mashine ya kukereza isiyolegea na maikromita unayoiamini, unaweza kulitengeneza. Kanuni iliyo nyuma ya kila hatua ni moja: thredi, yaani meno ya skurubu, kazi yake ni kusukuma na kuvuta. Kuelekeza lenzi ni kazi ya tundu lililopanuliwa vizuri na uso uliokaa skwea, yaani kwa pembe mraba na mhimili. Mchoro wowote unaoiachia thredi kazi ya kuelekeza, urudishe mezani kabla hujawasha mashine.

Hesabu kabla ya alumini

Kamera ninayoitumia ni Raspberry Pi HQ, iliyotoka 2020. Sensa yake, kipande kinachopokea mwanga, ni IMX477 ya Sony: pikseli milioni 12.3, kila pikseli ina upana wa maikroni 1.55 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Upana wa sensa ni 6.3 mm hivi na ulalo wake 7.9 mm. Ukitengeneza picha ya ukubwa uleule wa kitu chenyewe, bawa la milimita 3 linachukua karibu nusu ya upana wa picha na kupata pikseli zipatazo 1,900 kwa urefu wake. Zinatosha kabisa.

Ili kupata ukubwa huo nachukua lenzi mbili zinazofanana, kila moja imeundwa kwa vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, kipenyo 12.7 mm, fokasi 30 mm, yaani umbali ambao lenzi hukusanya miale sambamba kuwa nukta. Nazitazamisha kwa pande zao zilizobinuka zaidi, na katikati naweka kizuizi cha mwanga chenye tundu la 7.5 mm. Bawa linakaa kwenye fokasi ya lenzi ya mbele, sensa kwenye fokasi ya lenzi ya nyuma, na katikati yake miale inayotoka nukta moja inasafiri sambamba. Kwa kuwa pande mbili zinalingana, baadhi ya kasoro za lenzi ya mbele zinafutwa na lenzi ya nyuma: mistari kupinda, na rangi kutengana pembezoni mwa picha.

Fokasi 30 gawa kwa tundu 7.5 inakupa namba ya f, hapa 4, huandikwa f/4. Kina cha fokasi, yaani nafasi ambayo sensa inaweza kusogea kabla picha haijaanza kufifia, ni mara mbili ya urefu wa wimbi la mwanga, mara namba ya f iliyozidishwa kwa yenyewe: 2 × 0.55 × 16, sawa na maikroni 17.6 kila upande. Hiyo ndiyo bajeti yako yote. Sensa ikiinama kwa digrii 0.1 tu, kona yake iliyo 3.9 mm kutoka katikati inahama maikroni 7. Ikiinama robo digrii inahama 17, na bajeti imekwisha kabla hujahesabu kosa lingine lolote. Na kwa sababu picha na kitu vina ukubwa sawa, upande wa bawa una bajeti hiyohiyo: kioo cha slaidi kinachobeba bawa kikikaa upande, ni sawa na sensa kukaa upande.

Hesabu hii inakuambia pia mahali pa kutokujisumbua. Umbali kati ya lenzi mbili, kwa kuwa miale pale ni sambamba, unaweza kukosea kwa sehemu kadhaa za kumi za milimita bila picha kuonyesha. Lenzi moja ikihama pembeni kwa 0.02 mm kuliko mwenzake, picha nzima inahama kidogo na ukali unabaki. Kinachoumiza ni kuinama: kwa lenzi, kwa sensa, kwa slaidi. Nimeona michoro iliyoandikwa tolaransi, yaani kosa linaloruhusiwa, ya maikroni 5 kila mahali. Huo ni uoga, na unaongeza gharama bila kuongeza ukali. Tafuta vipimo viwili au vitatu vinavyobeba picha, uvikaze hivyo, vingine viachie nafasi ya fundi kupumua.

(Lenzi za simu ni dunia nyingine. Humo vipande vya plastiki vyenye mibinuko mikali vimebanana, na maikroni chache za kuhama pembeni zinaonekana. Ndiyo maana viwandani lenzi nzima husogezwa juu ya sensa huku kamera ikiwa imewashwa, picha ikipimwa, kisha gundi ya mwanga wa UV inaigandisha pale pale ilipo bora. Sisi hatuhitaji kufika huko.)

Alumini au plastiki iliyochapwa

Vijana wengi huniletea makasha ya plastiki ya PLA yaliyotoka kwenye printa ya 3D. Fanya hesabu nao. Kutoka lenzi ya nyuma hadi sensa ni kama 30 mm. PLA hutanuka karibu sehemu 68 kwa milioni kwa kila digrii ya joto, alumini 23.6. Asubuhi chumba cha maabara kina nyuzi 22, mchana sanduku la kamera limefika 42. Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 20, PLA inarefuka maikroni 41 na alumini 14. Moja imetoka nje ya bajeti yetu ya 17.6, nyingine imebaki ndani. Isitoshe PLA huanza kulainika karibu na nyuzi 60, joto ambalo gari lililofungwa vioo kwenye jua la Dar es Salaam hulisogelea.

Siidharau plastiki. Darubini ya OpenFlexure, ambayo mafundi wa Dar es Salaam wameitengeneza na Taasisi ya Afya Ifakara imeitumia katika utafiti wa malaria, imechapwa karibu yote kwa printa, na lenzi yake hushikwa na kuta tatu nyembamba zinazonyumbuka. Kuta tatu zinajitafutia katikati zenyewe hata kama tundu halikutoka duara kamili, na fokasi inarekebishwa kila mara mtu anapotazama. Wazo ni zuri na nimelitumia. Lakini kamera yangu inafungwa, inapelekwa kijijini, na hakuna atakayeigusa fokasi yake tena. Kwa hiyo natumia alumini, ya aina ya 6061 nikiipata. Ukipewa kipande kisichojulikana, kikereze kwanza: kikitoa nyuzi ndefu zinazoganda kwenye kisu, kirudishe.

Kila uso muhimu kwa kufunga mara moja

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo mchoro mzuri wa kompyuta huharibikia. Ukilitoa kasha kwenye chaki, kishikio chenye taya cha mashine, na kuligeuza ili kukereza upande wa pili, katikati ya mara ya kwanza na katikati ya mara ya pili hazilingani. Chaki ya taya tatu iliyotumika inaweza kukosea sehemu kadhaa za mia za milimita, na mwinamo juu yake. Hakuna kipimo cha baadaye kitakachokurudishia hiyo.

Kwa hiyo lichore kasha ili lisihitaji kugeuzwa. Wengi huchora lenzi moja ikiingia kutoka mbele na nyingine kutoka nyuma, mabega mawili, yaani vidaraja vya ndani ambavyo lenzi hulalia, yakitazama pande tofauti. Mimi naziingiza zote mbili kutoka upande wa kamera. Upande huohuo una thredi ya nje inayoingia kwenye kamera, uso wa flanji (ukingo mpana) unaoegemea kamera, tundu la lenzi, bega la ndani kabisa, na thredi ya pete ya kubana. Vyote vinakerezwa bila kulegeza taya hata mara moja. Upande wa mbele, unaotazama bawa, hauna kitu chenye thamani zaidi ya tundu la kupitisha mwanga. Ukiugeuza mwishoni kuusafisha, ukakaa vibaya kidogo, hakuna kilichoharibika.

Kishikio cha kamera ni cha aina ya C: thredi ya kipenyo cha inchi moja, meno 32 kwa inchi, na kutoka uso wa flanji hadi sensa ni 17.526 mm. Kamera ya HQ yenyewe ni ya aina ya CS, iliyo fupi kwa milimita 5, lakini inakuja na pete ya kuongeza tofauti hiyo. Mashine yako ikiwa ya milimita tupu, hatua ya thredi ni 0.79375 mm, hivyo angalia kama gia ulizonazo zinaikaribia kabla hujamwahidi mteja. Hapa kanuni yetu inaonekana wazi: thredi inavuta kasha, na uso wa flanji ndio unaolisimamisha skwea. Kereza uso huo kwa mkono mwepesi, kutoka tunduni kwenda nje, kwa kisu kipya, na chimba mfereji mdogo pale thredi inapokutana na flanji ili jino la mwisho lisizuie flanji kukaa.

Kutoka uso wa nyuma wa lenzi hadi sensa ni kama 27 au 28 mm, kutegemea lenzi uliyonunua. Toa 17.526, utaona lenzi ya nyuma inakaa takriban milimita 10 ndani ya flanji. Huo ndio urefu wa kuanzia. Usiuandike kwenye mchoro kama kipimo cha mwisho. Umbali wa bawa huwa unarekebishwa kwa kusogeza jukwaa la slaidi, na salio dogo nalimaliza kwa shimu, kipande chembamba cha kujazia, chini ya flanji.

Sasa tundu. Katalogi za lenzi kwa kawaida huandika kipenyo 12.7 na tolaransi ya +0 hadi −0.1. Hiyo sehemu ya kumi ya milimita ni pana mno, hivyo napima kila lenzi kwa maikromita yenye nyuso safi, pande tatu, nikiishika kwa karatasi ya kufutia lenzi. Zikiwa 12.66, napanua tundu liwe 12.68, au 12.69 likizidi sana. Watu huogopa kwamba alumini ikipoa itakibana kioo kipasuke. Kokotoa: kioo cha kawaida cha lenzi hutanuka sehemu 7.1 kwa milioni, alumini 23.6, tofauti 16.5. Kwa kipenyo cha 12.7 na nyuzi 20 za kupoa, nafasi inapungua maikroni 4. Ukiwa na maikroni 20 uko salama.

Lakini kuna mtego wa rangi nyeusi. Kasha ukilipeleka kupigwa anodaizi nyeusi, yaani kuoteshwa tabaka gumu la oksidi lililotiwa rangi, tabaka la maikroni 10 hukua karibu nusu yake juu ya uso wa zamani. Ndani ya tundu kuna kuta mbili, kwa hiyo kipenyo kinapungua kama maikroni 10, nusu ya nafasi uliyoiacha. Ama mwambie mpigaji azibe tundu, ama lipanue zaidi kwa kiasi hicho. Mimi huziba tundu na flanji, kisha sehemu za ndani zisizogusa lenzi nazipaka rangi nyeusi isiyong'aa kwa brashi nyembamba.

Bega la ndani ndilo litakaloamua mwinamo wa lenzi ya mbele, maana upande wake ulio karibu bapa unalala juu yake. Likereze bila kubadilisha kisu wala kusogeza kichwa cha mashine baada ya kupanua tundu. Chimba kimfereji kwenye kona ili ukingo wa lenzi usikutane na mduara ulioachwa na ncha ya kisu. Na safisha. Chembe ya alumini ya 0.02 mm ikibaki upande mmoja wa bega lenye kipenyo cha 11 mm, lenzi inainama kwa digrii 0.1. Chembe hiyo huioni kwa jicho. Mimi huosha kasha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kisha kwa spiriti ya isopropili, kisha napuliza hewa, na mwisho napitisha kijiti cha pamba kwenye bega. Pamba ikinasa, kuna ukwaru bado.

Pete ya katikati na pete ya kubana

Pete ya katikati inatenganisha lenzi mbili na kubeba kizuizi cha mwanga. Naitengeneza kwa brasi. Urefu wake, kama nilivyosema, hauna shida. Kinachotakiwa ni nyuso zake mbili ziwe sambamba. Pima unene wake kwa maikromita sehemu nne kuzunguka, na tofauti isizidi maikroni 5. Uso wa pili ukereze pete ikiwa imevalishwa kwenye kijiti ulichokikereza mashineni wakati huohuo. Ndani yake kata thredi ndogondogo na uipake nyeusi, ili mwanga unaopiga ukutani usirudi kwenye picha. Chora pia mkwaruzo mmoja kwa urefu wa ubavu wake wa nje. Lenzi yenye nafasi ya maikroni 20 inaziba hewa vizuri sana, na bila njia ya hewa pete inabaki ikielea juu ya lenzi ya kwanza.

Lenzi ya nyuma inakaa juu ya pete hiyo kwa upande wake uliobinuka, na mbinuko juu ya mdomo wa duara unaweza kubingirika kidogo. Ni ukuta wa tundu unaouzuia. Kwa nafasi ya maikroni 10 upande mmoja na mbinuko wa nusu kipenyo cha 18 mm, kubingirika hakuzidi digrii 0.03. Unaona kwa nini nilikazania nafasi ndogo kwenye tundu: ndiyo inayolinda mwinamo.

Pete ya kubana ina thredi ya M14 hatua 0.5, na hapa fundi mzoefu hunishangaa ninapomwambia aikate ilegee. Pete iliyokaza kwenye thredi inaelekea inakotaka thredi, na thredi haiko skwea kamwe. Inaisukuma lenzi upande mmoja. Pete iliyolegea inaufuata uso wa lenzi na kusukuma pande zote sawa. Kati yake na kioo naweka pete nyembamba isiyozunguka, ili msuguano wa kukaza usiburute kioo.

Kukaza kwenyewe ni kwa vidole viwili. Lenzi hii ina gramu 2 hivi. Ili isitikisike hata kifaa kikipata mshtuko wa mara 50 ya mvuto wa dunia, inahitaji nguvu ya takriban nyutoni 1 tu, yaani uzito wa gramu 100. Anayekaza kwa koleo anaupinda uso wa kioo, na nukta za picha zinageuka kuwa mistari mifupi. Ukishamaliza, tone dogo la gundi kwenye thredi litazuia pete kulegea. Tone lisiguse kioo.

Kuingiza lenzi

Usiidondoshe lenzi kutoka juu. Itainama na kukwama katikati ya njia, na kila ukiisukuma inazidi kujikaza. Kereza nguzo ya plastiki ngumu, kipenyo 12.4 mm, ndefu kuliko kina cha tundu, yenye mdomo wa duara juu. Laza lenzi juu ya nguzo, upande uliobinuka ukitazama chini, kisha shusha kasha taratibu, mdomo ukiwa chini, hadi bega liguse kioo. Geuza vyote kwa pamoja. Lenzi ikikwama, pasha kasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele na uligonge polepole kwa mpini wa bisibisi. Usitie chuma nyuma ya kioo.

Kupima na kurekebisha

Laza kasha kwenye kitalu chenye mfereji wa V, pitisha mwale wa leza ndogo katikati yake hadi ukutani mita kadhaa mbele, kisha lizungushe. Doa likichora duara kubwa, kuna kitu ndani hakiko kwenye mhimili. Hapo haifai kuendelea na kamera. Fungua, safisha bega na pete, rudia.

Likipita, lifunge kwenye kamera na upige picha ya slaidi yenye vipimo vilivyochorwa juu ya kioo, ile ya kupimia darubini. Kagua kona nne kwa ukubwa kamili. Kona moja ikiwa na ukungu, kuna washukiwa watatu, na njia ya kumjua mhusika ni kuzungusha kimoja kimoja. Geuza slaidi nusu duara: ukungu ukihamia kona ya pili, slaidi haikukaa sawa au kioo chake kina unene usiolingana. Usipohama, legeza kasha na uligeuze nusu duara kwa kuongeza shimu inayozunguka flanji yote, kisha urudishe fokasi kwa jukwaa. Ukungu ukifuata kasha, tatizo ni lenzi. Ukibaki palepale, sensa yenyewe imeinama, au jukwaa.

Sensa iliyoinama inasahihishwa kwa shimu chini ya skurubu za bodi. Karatasi ya alumini ya jikoni ina unene wa takriban 0.016 mm. Skurubu zikiwa mbali kwa 30 mm, tabaka moja upande mmoja linageuza sensa kwa digrii 0.03. Ongeza tabaka, piga picha, linganisha. Kata vipande kwa mkasi mkali na uvibonyeze juu ya kioo kwanza, kwa sababu ukingo uliokunjamana huongeza unene kuliko karatasi yenyewe.

Kona zote zikilingana, kaza skurubu kwa zamu, kidogokidogo, na upige picha tena baada ya kila mzunguko, maana skurubu ya mwisho ina tabia ya kuvuta bodi. Kisha weka kamera ndani ya sanduku lake, ipashe hadi nyuzi 45 kwa taa, iache ipoe usiku kucha, na upige picha ya slaidi ileile asubuhi. Nyuzi hizo 45 ni zaidi kidogo ya zitakazopatikana kijijini. Kona ikibadilika baada ya kupoa, kuna kitu kimesogea na hakikurudi, na mara nyingi ni gundi iliyogusa mahali pasipostahili au skurubu iliyokazwa juu ya rangi. Kwangua rangi chini ya kichwa cha skurubu na upashe tena kabla ya kumkabidhi mteja.